Marehemu Ameacha Shamba na Wanawake Wawili: Nani Mjane?



Katika ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya viazi, ng'ombe wa maziwa na matangi ya maji. Leo tuongee juu ya jambo ambalo watu hulinong'ona tu matangani. Mwanaume anakufa. Kabla kaburi halijakauka, mwanamke mmoja anasema, "Mimi ndiye mke." Ndugu za marehemu wanajibu, "Huyo hatumjui." Au wanasema maneno mabaya zaidi, kwamba alikuwa mfanyakazi tu, au rafiki tu.

Nani anasema ukweli? Na sheria ya Kenya inasemaje? Hebu tutazame pole pole, kwa sababu jambo hili limevunja maboma mengi hapa Kiirua, Ruiri, Naari na hata upande wa Embu. Limevunja vikundi pia.

Kisa kimoja nilichokiona

Mama mmoja alikuwa mwanachama wa kikundi nilichokuwa nikikitembelea. Alikaa na mzee mmoja miaka 14. Walizaa watoto 3. Walilima viazi pamoja, na pesa za maziwa ndizo zilijenga nyumba ya mabati waliyokuwa wakikaa. Hakuna ruracio iliyopelekwa kwao. Kila mwaka mzee alisema, "Tukivuna vizuri tutakwenda kwa wazazi wako." Miaka ikapita.

Huyo mzee alikuwa na mke wa kwanza, aliyemtolea ruracio kulingana na mila. Walikosana, yule mama akarudi kwao na watoto wake 4. Lakini hakuna aliyerudisha mahari, wala hakuna talaka iliyotolewa. Alibaki mke.

Mzee akafa ghafla. Siku ya mazishi mama wote wawili walikuja. Wasifu wa marehemu uliposomwa, mke wa kwanza alitajwa kama mjane. Yule wa pili alitajwa karibu na mwisho, pamoja na majirani. Watoto wake hawakutajwa kabisa.

Baada ya wiki moja alikuja kwangu akiuliza afanye nini. Nami nikamwambia, "Mama, subiri kwanza matanga yaishe, watu wapoe, halafu tutaongea na wazee." Niliona ni shauri la hekima. Nilikosea. Wakati sisi tunasubiri watu wapoe, ndugu za marehemu walikwenda kwa chifu, wakapata barua inayotaja nyumba ya kwanza peke yake, wakafungua kesi ya urithi, ile ambayo wengi wetu huita saksesheni. Tangazo likatoka kwenye Gazeti la Serikali. Siku 30 zikapita. Nani kati yetu husoma Gazeti la Serikali? Yule mama alijua siku savea alipokuja kupima shamba.

Nitawaambia mwisho wake baadaye. Kwanza tujifunze, ili mwingine asipotezwe na shauri kama lile langu.

Sheria inayotumika

Mambo ya urithi Kenya yanaongozwa na Sheria ya Urithi, Sura 160. Ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Mtu akifa bila wasia, sheria hii ndiyo inasema nani arithi na kwa kiasi gani. Mila zetu zina heshima yake, lakini haziwezi kumnyima mtu haki ambayo sheria na Katiba ya 2010 imempa.

Sheria inawataja kwanza mjane au wajane, na watoto. Kwa hiyo swali "nani ni mke" si swali la heshima tu. Ndilo linaloamua nani atabaki shambani na nani atafungasha.

Mtu anawezaje kuonyesha kwamba alikuwa mke? Njia ni tatu.

1. Cheti cha ndoa. Ndoa ya kanisa, ndoa ya serikali, ndoa ya Kiislamu au ya Kihindu, zote zina cheti. Ukiwa nacho, kazi yako imepungua sana.

2. Ndoa ya kimila. Hii nayo ni ndoa kamili. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua sawa na nyingine, na inasema mahari haihitaji kumalizika. Pale ambapo mila inadai mahari, sehemu kidogo iliyotolewa kama ishara inatosha. Lakini lazima sherehe za mila ziwe zilifanyika na kuwe na watu wa kushuhudia. Sheria hiyo hiyo inataka ndoa za kimila ziandikishwe kwa Msajili wa Ndoa, na uandikishaji ulianza Agosti 2017. Wengi wetu bado hatujaandikisha.

3. Kukaa pamoja kama mume na mke. Hapa ndipo penye vita. Watu wanaita "njoo-tukae". Hakuna cheti wala ruracio, lakini kuna miaka, watoto na jasho. Je, mahakama inaweza kusema hii ilikuwa ndoa?

Jibu ni: inaweza, lakini si rahisi. Na siku hizi imekuwa ngumu kuliko zamani.

Mahakama zimesema nini

Mwaka 1976 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliamua kesi ambayo mawakili wanaitaja mpaka leo, kesi ya Yawe. Mwanaume alikuwa Mganda aliyefanya kazi ya urubani na kuishi Nairobi. Alikufa kwa ajali mwaka 1972. Mwanamke Mkenya aliyekaa naye karibu miaka 9 na kuzaa naye watoto 4 alidai kuwa mjane. Watu wa upande wa marehemu walikataa wakisema hakukuwa na ndoa. Mahakama ilisema kwamba watu wakikaa pamoja muda mrefu kama mume na mke, na watu wakawajua hivyo, mahakama inaweza kuchukulia kwamba wameoana, mpaka anayepinga alete ushahidi wenye nguvu. Yule mama akatambuliwa.

Tangu hapo wanawake wengi wametumia njia hiyo, na wanaume wachache pia. Lakini watu wengine waliielewa vibaya. Walidhani ukikaa na mtu miezi 6, umekuwa mke. La, hasha! Hakuna sheria Kenya inayosema miezi 6, wala mwaka 1, wala miaka 2. Maneno hayo yanazunguka sokoni tu.

Mwaka 2009 Mahakama ya Rufaa ilikumbusha kwamba kukaa pamoja peke yake hakutoshi. Lazima ionekane kwamba haukuwa urafiki tu, wala mwanamke hakuwa hawara tu, bali kukaa kule kulikomaa kukawa ndoa, na watu waliowazunguka waliwatambua hivyo.

Halafu tarehe 27 Januari 2023, Mahakama ya Juu, ambayo ndiyo ya mwisho katika nchi yetu, ilitoa uamuzi mkubwa. Kesi ile haikuwa ya marehemu. Mwanamume na mwanamke walikuwa wote hai, wakigombania ploti Nairobi baada ya kukaa pamoja zaidi ya miaka 20. Lakini masharti yaliyowekwa pale sasa yanafuatwa hata katika kesi za urithi. Mahakama ilisema kudhani ndoa ni jambo la nadra, si kawaida. Anayedai lazima aonyeshe haya:

- Walikaa pamoja muda mrefu.
- Wote wawili walikuwa huru kuoana kisheria.
- Walikusudia kuoana.
- Wote wawili walikubali kwa hiari.
- Walijionyesha mbele ya watu kama mume na mke.

Na mzigo wa kuthibitisha uko juu ya anayedai. Si kazi ya ndugu za marehemu kuonyesha kwamba hukuwa mke. Ni kazi yako kuonyesha kwamba ulikuwa mke.

Katika kesi ile, mwanamke alishindwa kwenye sharti la pili. Ilionekana alikuwa ameolewa kimila na mwanaume mwingine, na ndoa ile haikuwa imevunjwa. Kwa hiyo hakuwa huru kuoana na huyu. Lakini sikilizeni vizuri: mahakama haikumwacha mikono mitupu. Iligawa ile ploti kati yao kwa sababu kila mmoja alikuwa amechangia kuipata na kuiendeleza. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kukosa jina la mke na bado akadai jasho lake, akiwa na ushahidi. Mahakama iliwaambia pia watunga sheria kwamba wakati umefika kuwe na sheria juu ya watu wanaokaa pamoja bila ndoa.

"Huru kuoana" maana yake nini?

Hapa wengi huteleza, basi tutulie kidogo.

Ndoa ya kimila inaruhusu wake zaidi ya mmoja. Kwa hiyo mwanaume aliyeoa kimila, kama yule mzee wa kisa chetu, anaweza kuoa mke mwingine kimila. Kuwako kwa mke wa kwanza hakumfungi mlango.

Ndoa ya kanisa na ile ya serikali ni za mke mmoja. Mwanaume aliyefunga ndoa hiyo hawezi kuoa mwingine kabla ya mke kufa au mahakama kuivunja ndoa. Mwanamke aliyekuja baadaye akakaa naye tu, hata miaka 20, ana mlima mkubwa wa kupanda.

Kuna jambo moja la kuongeza. Kifungu cha 3(5) cha Sheria ya Urithi kimewasaidia kwa miaka mingi wanawake waliotolewa mahari na wanaume waliokuwa tayari na ndoa ya kanisa. Kinawahesabu kuwa wake kwa ajili ya urithi peke yake. Lakini kinamsaidia aliyeolewa kweli kimila, si aliyekaa tu. Tena mwaka 2021 Bunge liliongeza katika Sheria ya Urithi kwamba mwenzi ni mume, mke au wake wanaotambuliwa na Sheria ya Ndoa. Kwa hiyo mama, usitegemee ahadi ya "tutavuna kwanza". Na baba, usimwachie mama mzigo wa kukutetea ukiwa kaburini.

Watoto hawafutwi

Hili ndilo nataka kila mwanakikundi alishike hata akisahau mengine yote. Mwanamke anaweza kushindwa kesi ya kuwa mke, na watoto wake bado wakarithi.

Sheria ya Urithi inasema mtoto wa mwanaume ni pamoja na yule ambaye baba alimtambua waziwazi, au kwa kweli alimpokea kama wake, au alijitwika kwa hiari jukumu la kumlea moja kwa moja. Hata mimba iliyokuwa tumboni baba alipokufa inahesabiwa. Na Katiba, katika kifungu cha 53, inasema baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawajaoana.

Mabishano yakizidi, mahakama inaweza kuagiza watoto wapimwe damu, kile kipimo cha DNA. Kwa hiyo kumwambia mtoto "wewe ulizaliwa nje" si sababu ya kumnyima. Wala kumwambia binti "wewe utaolewa" si sababu. Watoto wote, wavulana kwa wasichana, walioolewa na wasioolewa, wako sawa mbele ya sheria.

Shamba linagawanywaje?

Tuchukue mfano wa kutunga. Marehemu ameacha ekari 4 na nusu. Nyumba ya kwanza ina mama na watoto 4. Nyumba ya pili ina mama na watoto 3.

Ikiwa mahakama imekubali kwamba mama wote wawili ni wake, sheria inahesabu vichwa. Nyumba ya kwanza ni watoto 4 na mama 1, jumla 5. Nyumba ya pili ni watoto 3 na mama 1, jumla 4. Vyote pamoja ni 9. Kila kichwa ni nusu ekari. Basi nyumba ya kwanza inapata ekari 2 na nusu, na ya pili ekari 2. Si nusu kwa nusu, kama wazee wengi wanavyodhani.

Ikiwa mama wa pili hakukubaliwa kuwa mke, lakini watoto wake wamekubaliwa kuwa wa marehemu, mambo yanabadilika. Mke ni mmoja. Vyombo vya nyumba ni vyake. Shamba anakaa nalo na kulitumia maisha yake, lakini si lake la kuuza apendavyo, kwa sababu linangojea watoto. Na watoto wanaolingojea ni 7, si 4. Wote ni sawa. Mahakama pia inaweza kuangalia watoto wadogo wa upande wa pili watunzwe vipi wakati huu.

Mmeona? Kumkana yule mama hakuwaondoi watoto wake. Mara nyingi kunaongeza tu miaka ya kesi.

Njia ya mahakama, hatua kwa hatua

1. Cheti cha kifo. Bila hiki hakuna kitu kinachoendelea.

2. Barua ya chifu. Inawataja walioachwa na marehemu: wajane na watoto wote. Chifu si hakimu. Barua yake haimfanyi mtu kuwa mke, wala haimwondoi. Lakini mahakama huianza kazi na barua hiyo, kwa hiyo ikikosewa, shida huanza hapo. Ukisikia familia imekwenda kwa chifu, nenda nawe mara moja, kwa heshima, ukiwa na karatasi zako.

3. Kufungua kesi. Mali yenye thamani ya mpaka shilingi milioni 20 inaweza kusikizwa na Hakimu Mkuu. Mahakimu wa chini yake wana viwango vidogo zaidi. Mali ikizidi hapo ni Mahakama Kuu, ambayo kwetu iko Meru, na kwa jirani zetu iko Chuka na Embu.

4. Tangazo kwenye Gazeti la Serikali. Watu wanapewa siku 30 za kuleta pingamizi. Siku hizi gazeti hili linasomeka hata kwenye simu. Kijana mmoja wa kikundi apewe kazi ya kuliangalia wakati mwanachama amefiwa.

5. Msimamizi anateuliwa. Huyu si mwenye mali! Ni mtumishi wa familia. Haruhusiwi kuuza ardhi kabla mahakama haijathibitisha ugawaji.

6. Kuthibitisha. Kwa kawaida hufanywa baada ya miezi 6. Hapa hakimu anauliza nani apate nini. Kama hukuweka pingamizi mwanzoni, unaweza bado kupinga kwa hati ya kiapo kabla ugawaji haujathibitishwa.

7. Baada ya kuthibitishwa. Mlango haujafungwa kabisa, lakini umebaki mwembamba. Ombi la kutaka utunzwe kutoka kwa mali ya marehemu halikubaliwi tena. Linalobaki ni kuomba usimamizi ufutwe, kwa kuonyesha kwamba mtu alidanganya au alificha jambo kubwa, kwa mfano aliwaficha watoto. Njia hii ni ndefu na ni ghali.

Katikati ya haya yote, asiguse mtu mali ya marehemu bila ruhusa ya sheria. Kuuza ng'ombe wake, kukata miti yake, kukodisha shamba lake, yote hayo ni kosa. Adhabu ni faini ya hadi shilingi 10,000, au kifungo cha hadi mwaka 1, au vyote viwili. Hii inawahusu ndugu za marehemu, na inamhusu pia huyo mama anayedai. Na kama una haki shambani na unaogopa litauzwa, unaweza kuomba ofisi ya ardhi iweke kosheni.

Ushahidi unaosikika

Hakimu hakukaa nanyi jikoni. Hajui nani alimpikia marehemu wala nani alimpeleka hospitali. Mtaonyesha kwa karatasi na kwa watu:

- Orodha ya vitu vya ruracio, na majina ya wazee waliokuwepo pande zote mbili.
- Vyeti vya kuzaliwa na vya ubatizo vya watoto, vikiwa na jina la baba.
- Kadi za kliniki, fomu za shule, fomu za bima ya afya, mahali marehemu alipoandika "mke wangu".
- Fomu za SACCO na za kikundi zenye jina la mrithi.
- Risiti za mabati, mbolea na karo, na ujumbe wa pesa kwenye simu.
- Picha za harusi za jamaa, mazishi na sikukuu mlizohudhuria pamoja.
- Wasifu uliosomwa kwenye mazishi. Ndiyo, hata ile karatasi. Mahakama imeshaitazama katika kesi nyingi.
- Majirani ambao si jamaa wa upande wowote.

Na upande wa pili pia una haki ya kuuliza. Je, marehemu alikuwa akilala hapo au alipita tu? Je, huyu mama alikuwa na mume mwingine wakati huo? Je, watu wa nyumbani kwa marehemu walimjua? Wako wajane wa kweli waliosumbuliwa na wadai wa uongo, watu waliotokea siku ya mazishi na mtoto wa kuazima. Hao nao wanaumia. Sheria haikuwekwa kumpa shamba kila anayelia.

Kazi ya kikundi

Katika kisa nilichoanza nacho, mwenyekiti wa kikundi aliombwa na pande mbili aandike barua. Mmoja alitaka iandikwe kwamba ruracio ilitolewa mwaka fulani. Haikuwa kweli. Mwingine alitaka iandikwe kwamba kikundi hakimjui yule mama kuwa mke wa mtu. Hiyo nayo haikuwa kweli, kwani daftari la kikundi lilikuwa limemwandika miaka 11 kama mke wa huyo mzee, na mzee mwenyewe alitia sahihi alipochukua mkopo wa pampu.

Kikundi kiligawanyika. Wengine walisema, "Tumsaidie mwenzetu, barua ni karatasi tu." Mama mmoja mzee akasimama akasema, "Tukiandika uongo leo kwa sababu tunampenda, kesho mwingine ataandika uongo kwa sababu anatuchukia." Basi wakaamua kutoa nakala ya daftari kama lilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Daftari lile ndilo lililosikika mahakamani kuliko maneno mengi.

Kumbukeni, kudanganya chini ya kiapo ni kosa la jinai. Mwenyekiti anayetia sahihi uongo anaweza kujikuta kizimbani yeye.

Mwisho wa kisa

Yule mama aliomba usimamizi ufutwe kwa sababu watoto 3 walifichwa. Kesi ilikula miaka 4 na ng'ombe 2 wa maziwa. Mke wa kwanza naye aliuza wake. Katikati ya safari hiyo, siku moja tuliwakuta wamekaa benchi moja nje ya mahakama, hakuna anayemwangalia mwenzake. Mke wa kwanza aliniambia baadaye, "Mimi sikuwachukia wale watoto. Niliogopa wangu watabaki na nini."

Baada ya watoto kupimwa, wazee wa koo zote mbili waliketi nao. Walikubaliana nyumba ya mabati na sehemu ya shamba ibaki upande wa mama wa pili kwa ajili ya watoto wake, na iliyobaki iende nyumba ya kwanza. Makubaliano yakapelekwa kwa hakimu yakaandikwa kuwa amri ya mahakama. Swali la kama alikuwa mke halikujibiwa. Lilipitwa. Katiba, katika kifungu cha 159, inakubali njia kama hizi za kupatana, za wazee na za mila, mradi zisivunje haki za mtu. Lakini mapatano ya mdomo bila kuandikwa mahakamani ni moshi.

Msifikiri haya ni ya watu wa kijijini tu. Waziri wa zamani Mbiyu Koinange alifariki mwaka 1981, naye alikuwa na mawakili na elimu ya juu. Karibu miaka 40 baadaye mahakama zilikuwa bado zinasikiza ni nani kati ya wanawake waliodai alikuwa mjane wake. Maneno yasiyosemwa na mwenye mali akiwa hai ni mzigo mzito sana kwa watoto.

Fanyeni haya sasa, mkiwa hai

- Wanaokaa pamoja waende nyumbani kwa wazazi hata na sehemu kidogo ya mahari. Waandike na kutia sahihi.
- Walio na ndoa ya kimila waiandikishe kwa Msajili wa Ndoa.
- Wakatoliki wanaotaka ndoa yao ibarikiwe waongee na katekista au padre. Hakuna haja ya sherehe kubwa. Gharama za karamu zisiwazuie.
- Andika wasia. Mashahidi wawe 2 au zaidi, wawepo ukitia sahihi, na wasiwe watakaorithi.
- Watoto wawe na vyeti vya kuzaliwa vyenye jina la baba.
- Badilisha jina la mrithi kwenye SACCO na kikundi kama limepitwa na wakati. Wengine bado wameandika mama aliyekwisha kufa!
- Ukifiwa, usingoje matanga yaishe ndipo uulize. Lia, lakini uliza. Wasio na pesa za wakili wanaweza kwenda kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, ambayo iliwekwa na sheria ya 2016, au kwa FIDA Kenya. Makarani wa mahakama nao wataeleza fomu zinazohitajika.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika kikundi chetu, ni wangapi wanaweza kuonyesha leo, kwa karatasi au kwa mashahidi, kwamba wameoana?

2. Daftari letu linasema nini juu ya familia ya kila mwanachama? Lilirekebishwa lini?

3. Mwanachama akiomba tuandike barua isiyo ya kweli, tutamjibuje bila kumtupa?

4. Je, wanaume wa kikundi wanaweza kutaja mbele ya wake zao mashamba na akaunti walizo nazo? Kama hawawezi, ni kwa nini?

Jadilianeni bila kutaja majina ya watu wa kijijini. Mtu asiondoke mkutanoni akiwa ameaibishwa. Aondoke akiwa na jambo moja la kufanya kabla ya mkutano ujao.

Mungu awabariki katika kazi zenu.

Ni mimi, mfanyakazi wenu wa maendeleo ya jamii, Kiirua.